NANI ANAMHARIBU MTOTO: TANGAZO AU MZAZI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Himidi zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu. Tafuta utulivu, soma mpaka mwisho, na ukiweza msomee na mwenzako wa ndani, kwa sababu limeanzia kwenye ugomvi wa mke na mume.

Nililetewa swali. Mtoto wa miaka sita, meno ya mbele yameoza, chakula cha nyumbani hataki, anachotaka ni soda, biskuti na krispi za pakiti. Baba anasema: "Mama yake ndiye aliyemdekeza." Mama anasema: "Mimi nashinda naye, wewe hushindi naye. Anaviona kwenye televisheni, anaviona kwenye simu, anaviona kwenye ukuta wa duka, nitamziba macho?" Wakamalizia: "Sheikh, nani mwenye makosa?"

Nikiri kitu kabla sijajibu. Miaka ya nyuma niliwahi kusimama kwenye mimbari nikasema kosa lote ni la mama. Nilisema kwa sauti kubwa na watu wakaitikia. Leo narejea katika kauli ile, kwa sababu baada ya kusoma historia ya jambo hili nimeona kuwa swali lenyewe, "tangazo au mzazi", lina mtego. Wapo watu waliotajirika kwa sababu sisi tuliendelea kubishana juu yake.

Twende taratibu.

*1. CHAKULA CHA WAGONJWA KILICHOGEUKA PIPI*

Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, Marekani, kulikuwa na hospitali kubwa ya tiba na mapumziko iliyoongozwa na daktari John Harvey Kellogg. Alikuwa Mwadventista Msabato, mtu wa dini yake, aliyeamini kwamba mwili ni amana na chakula kizito huuharibu. Mwaka 1894, yeye na mdogo wake Will Keith Kellogg wakapata njia ya kutengeneza vipande vyembamba vya nafaka iliyokaushwa. Hicho kilikuwa chakula cha wagonjwa, hakina ladha kubwa na hakina tamu.

Will alikuwa na jicho la biashara. Mwaka 1906 akafungua kampuni yake ya Corn Flakes, na akatia sukari. Kaka yake, daktari, hakupenda. Ndugu hawa wawili wakagombana mpaka wakapelekana mahakamani.

Mwaka 1909 kampuni ikaanza kutoa kitabu kidogo cha picha za wanyama kwa anayenunua maboksi mawili. Kitabu kile kilikuwa cha mtoto, wala si cha mama anayeshika pesa. Muuzaji aligundua mapema sana kwamba njia ya kuufikia mkoba wa mama hupitia kwenye macho ya mtoto.

*2. RUNINGA INAINGIA SEBULENI*

Mwaka 1950, kati ya kila nyumba 100 za Marekani, ni kama 9 tu zilizokuwa na televisheni. Mwaka 1960 zilikuwa karibu nyumba 9 katika kila 10. Miaka kumi tu! Mgeni akaingia kila sebule, akakaa mahali pazuri kuliko babu na bibi, na watoto wakamsikiliza kuliko wanavyowasikiliza wazee wao.

Mwaka 1952 likatoka boksi jipya liitwalo Sugar Frosted Flakes, na juu yake amechorwa chui milia mcheshi anayeitwa Tony. Mwaka uliofuata ikatoka nafaka nyingine ya kampuni ile ile, Sugar Smacks, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa sukari. Fikiri, mama anammiminia mwanawe "nafaka" asubuhi, kumbe bakuli lina sukari kuliko nafaka. Wala haikufichwa, kwa sababu siku zile neno "sukari" lilikuwa sifa na liliandikwa kwa herufi kubwa.

Watu walipoanza kuiogopa sukari, katika miaka ya 1980, neno lile likafutwa kwenye majina. Sugar Frosted Flakes ikawa Frosted Flakes, na Sugar Smacks ikawa Honey Smacks, yaani asali badala ya sukari. Kufuta neno kwenye boksi hakukuondoa sukari iliyomo ndani. Hapa tukumbuke, tutarudi.

*3. KINA MAMA WA NEWTON*

Mwaka 1968, katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, mama mmoja aitwaye Peggy Charren na wenzake wachache walikaa sebuleni wakaanzisha chama cha kutetea watoto dhidi ya matangazo ya televisheni. Hawakuwa wanasiasa. Walikuwa kina mama waliochoka.

Mwaka 1970 mtu mwingine, Robert Choate, alifika mbele ya Baraza la Seneti akiwa na orodha ya nafaka 60 za maboksi. Akasema 40 kati ya hizo hazina faida ya maana mwilini. Nchi nzima ikashtuka.

Kina mama wale walipata ushindi mdogo mdogo. Mwaka 1974 serikali iliweka mpaka wa dakika za matangazo katika vipindi vya watoto, na ikakataza mtangazaji wa kipindi asiwauzie watoto bidhaa ndani ya kipindi chake mwenyewe. Mtoto anampenda yule mtangazaji kama mjomba. Mjomba akisema "kula hiki", mtoto atahojije?

*4. MWAKA 1978: SWALI LINAGEUZWA KUWA SILAHA*

Ndugu yangu, hapa ndipo penye kiini cha somo.

Mwaka 1978 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, chini ya mwenyekiti wake Michael Pertschuk, ilitoa pendekezo zito. Wataalamu wake walikadiria kwamba mtoto wa Marekani huona matangazo zaidi ya 20,000 kwa mwaka mmoja. Walieleza pia kwamba mtoto mdogo, hasa chini ya miaka 8, hajui kuwa tangazo lina nia ya kumuuzia. Kwake yeye tangazo ni habari, ni kweli, ni rafiki anazungumza. Wakapendekeza matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wa umri huo yapigwe marufuku kabisa, na kwa wakubwa kidogo yazuiwe matangazo ya vyakula vya sukari vinavyoharibu zaidi meno.

Nini kilitokea? Makampuni ya nafaka, ya pipi, ya midoli, ya televisheni na ya matangazo yaliungana. Tarehe 1 Machi 1978 gazeti kubwa la Washington Post likaandika tahariri ya kulikejeli pendekezo lile. Likaifananisha Tume na yaya wa taifa zima. Hoja yake ilikuwa kwamba Tume haiwalindi watoto na wauzaji, inawalinda na udhaifu wa wazazi wao wenyewe.

Umeiona hiyo hoja? Ni hoja ya malezi! Ni ile ile niliyoitoa mimi mimbarini: mzazi azime televisheni, mzazi aseme hapana, kosa ni la mzazi.

Hoja ile ilifanya kazi. Mwaka 1980 Bunge la Marekani likapitisha sheria, na Rais Jimmy Carter akaitia saini, iliyoinyang'anya Tume uwezo wa kuweka kanuni ya aina hiyo kwa matangazo ya watoto. Mwaka 1981 jambo likafungwa. Wataalamu wa Tume hawakurudi nyuma na kusema kwamba watoto wadogo wanayaelewa matangazo. Walisema tatizo lipo, ila marufuku haitekelezeki.

Kwa hiyo makampuni yalitumia mamilioni kumfikia mtoto, kisha yakatumia mamilioni mengine kutuambia kwamba anayemwathiri mtoto ni mzazi peke yake. Sasa jiulize kwa akili tu: kama tangazo halimwathiri mtoto, pesa zote zile zilitumika kwa nini?

*5. NGAMIA WA SIGARA*

Usidhani ni sukari tu. Mwaka 1988 kampuni ya R.J. Reynolds ilisambaza Marekani nzima matangazo ya sigara za Camel yenye katuni ya ngamia aliyevaa miwani, aitwaye Joe Camel. Kampuni ikasema analenga watu wazima. Mwaka 1991 jarida la madaktari wa Marekani likachapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Katika watoto wa miaka 6, karibu 9 katika kila 10 walimtambua ngamia yule na kumhusisha na sigara. Walimjua karibu sawa na Mickey Mouse!

Na kabla yake, mwaka 1984, umoja wa makampuni ya sigara ulikuwa umetoa kijitabu cha kuwafundisha wazazi namna ya kuzungumza na watoto wao kuhusu kufanya uamuzi. Subhanallah! Muuza sigara anamfundisha mzazi malezi. Wakosoaji wakaliona lengo: jambo likiwa la malezi, basi si la sigara.

Ngamia yule aliondolewa mwaka 1997, na mwaka 1998, katika makubaliano na majimbo 46, makampuni yakakatazwa kutumia katuni kutangaza sigara. Haukuwa wema wao wenyewe, walibanwa.

*6. JE, BASI MZAZI HANA KOSA?*

La hasha. Usije ukamaliza kusoma ukasema: "Alhamdulillah, sheikh ametuvua dhima." Sijakuvua.

Utafiti wa sigara unatuambia pia kwamba mtoto wa mvutaji yuko karibu zaidi na kuvuta kuliko mtoto wa asiyevuta. Ngamia alichorwa na kampuni, lakini kibiriti mtoto alikiona mkononi mwa baba. Na boksi la sukari halikutembea lenyewe mpaka mezani. Kuna mtu mzima alilipa.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameeleza katika *Ihya* kwamba tabia ya mwanzo kumshinda mtoto ni tamaa ya chakula, na hapo ndipo malezi yaanzie. Mtoto afundishwe kula kwa mkono wa kulia, kutaja jina la Allah, kutafuna vizuri bila haraka, kutokukodolea macho chakula, na azoeshwe mara nyingine mkate mtupu ili asione kitoweo ni lazima. Alisema hayo zaidi ya miaka mia nane kabla ya televisheni. Maana yake tamaa haikuletwa na tangazo. Tangazo limeikuta, likaipalilia.

Na wataalamu wa leo wa lishe ya watoto wanasema mtoto mdogo huenda akahitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane, mara kumi au zaidi ndipo akikubali. Sisi tunampa mchicha mara mbili, akitema tunasema "huyu hapendi mboga", tunamfungulia biskuti anyamaze. Hapo muuzaji hayupo. Tupo sisi na haraka zetu.

*7. MIKONO MIWILI YA MTUME (s.a.w.)*

Sasa tuiulize dini yetu: tangazo au mzazi?

Chukua hadithi mbili sahihi, uziweke pamoja.

Ya kwanza iko katika Bukhari. Wakati wa mavuno watu walikuwa wakileta tende za sadaka mbele ya Mtume (s.a.w.), na wajukuu zake, Hasan na Husein (r.a.), walikuwa wakizichezea. Mmoja wao akatia tende mdomoni. Mtume (s.a.w.) alipomwona akaitoa mdomoni mwake, kisha akamwambia sababu: kwamba watu wa nyumba ya Muhammad hawali sadaka. Ni kweli, pale suala lilikuwa haramu ya sadaka, si meno. Lakini tazama namna ya malezi. Hakusema "mtoto huyu, mwache". Aliona, akazuia, akaeleza. Hayo ndiyo malezi: jicho, mkono na ulimi.

Ya pili iko katika Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye chakula ni nini hiki. Yule akajibu kuwa kilinyeshewa mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kibichi juu ili watu wakione, kisha akatamka kwamba mwenye kudanganya si katika yeye.

Angalia vizuri. Hakumwambia mnunuzi: "Ni jukumu lako kuchimba rundo mpaka chini." Alimshika muuzaji. Kavu juu na mbichi chini ni udanganyifu, hata kama mnunuzi ana mikono na macho.

Mkono ule ule mtukufu uliotoa tende mdomoni mwa mjukuu wake ndio ulioingia kwenye rundo la mfanyabiashara. Hakuchagua kati ya nyumba na soko. Na sasa kumbuka lile boksi: mbele chui milia anacheka, ubavuni herufi ndogo za sukari. Kavu juu, mbichi chini. Tofauti ni boksi tu.

Tena ile hadithi ya uchunga, iliyoko Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa, sisi wahubiri huwa tunaichukulia katikati: mwanamume na ahli zake, mwanamke na nyumba ya mumewe. Lakini baada ya tamko lile la jumla, mtu wa kwanza kutajwa mle ni kiongozi, naye ataulizwa juu ya raia zake. Ndiyo maana wanazuoni wakaiandikia milango kazi ya muhtasibu, msimamizi wa soko. Al-Mawardi, aliyefariki 450 Hijria, aliiwekea mlango katika kitabu chake cha hukumu za utawala, na baadaye Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki 729 Hijria, akaeleza namna ya kuwakagua waoka mikate, wapishi na wauza vinywaji, mmoja mmoja. Waislamu wale walikuwa na malezi mazuri majumbani, na bado hawakuliacha soko bila mchunga.

*8. WALIOFANYA YOTE MAWILI*

Wapo wasio Waislamu waliolifanyia kazi jambo hili. Jimbo la Quebec, Kanada, tangu mwaka 1980 limekataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto chini ya miaka 13. Kampuni moja ya midoli ikapinga, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaithibitisha sheria. Sababu moja: watoto wa umri ule ni rahisi kuchezewa akili.

Chile, mwaka 2016, iliamuru vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi vipigwe muhuri mweusi mbele ya pakiti, na katuni za kuvutia watoto ziondolewe humo. Yule chui milia akafutwa kwenye boksi. Watafiti waliofuatilia waliona ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi umeshuka karibu robo. Wazazi wa Chile hawakubadilika usiku mmoja wakawa wachamungu. Kilichobadilika ni kwamba kibichi kiliwekwa juu, watu wakakiona.

Na hata kwetu tuna mfano. Mei 1981, Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia kutangaza maziwa ya kopo yanayoshindana na ziwa la mama. Nchi 118 zilikubali, moja tu ikapinga, nayo ni Marekani. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994, Kenya ikapitisha sheria mwaka 2012. Hatukusema "kila mama ajipambanie na tangazo". Tulijua mama anahitaji kusaidiwa.

*9. TUFANYE NINI?*

Kwa *baba*: ukimtuma mtoto dukani na kumwambia "chenji nunua unachotaka", wewe ndiye uliyemfundisha. Kaa mezani ule nao. Umar bin Abi Salama (r.a.) alijifunza adabu ya kula akiwa mtoto, mkono wake unazunguka sahani, kwa sababu alikuwa anakula pamoja na Mtume (s.a.w.). Asiyekula na watoto wake atawafundisha lini?

Kwa *mama*: usibebe lawama yote, na usiitue yote. Sema hapana moja, uisimamie, ueleze sababu. Na muda wa simu ukae naye, umuulize: "Huyu anataka tufanye nini? Anataka tununue?" Mtoto akijua kuwa anauziwa, nusu ya uchawi umeisha.

Kwa *walimu wa madrasa na kamati za misikiti*: kibao cha jina la chuo kisiwe na nembo ya soda eti kwa kuwa kampuni imelipia rangi. Mtoto anayekuja kusoma *Alif* anasoma na nembo. Na tuzo za kuhifadhi zisiwe katoni za pipi.

Kwa *wafanyabiashara Waislamu*: ukipanga pipi chini, usawa wa macho ya mtoto, unajua unachofanya. Rizki ina baraka ukiweka kibichi juu.

Kwa *wenye nafasi za uongozi*: wewe ndiye wa kwanza kutajwa katika hadithi ya uchunga.

Na kwa wale wanandoa wawili walioniuliza: acheni kushtakiana. Mkigombana nyinyi wawili, anayeshinda ni wa tatu, naye hayumo ndani ya nyumba. Mpelekeni mtoto kwa daktari wa meno, kisha mkae meza moja, muwe neno moja mbele yake. Allah ametuamrisha katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, tujilinde nafsi zetu na ahli zetu na Moto, na amri ile wameambiwa waumini kwa wingi, hakuambiwa mama peke yake.

Nami namuomba Allah anisamehe kwa hotuba ile, na mama yeyote aliyerudi nyumbani siku ile moyo umevunjika kwa neno langu, naomba radhi.

Ewe Mola wetu, tupe katika wake zetu, waume zetu na watoto wetu kituliza macho. Tupe viongozi wanaochunga, wafanyabiashara wakweli, na wazazi wenye subira. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahit-tawfiq.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzako. Na palipo na kosa, ni langu na la shetani. Nikosoeni kwa wema.